Fyuzi Mpya

Muziki ulikatika ghafla mbele ya lango la wakwe, huko Gitothua, na harufu ya plastiki iliyoungua ikaingia garini.

Kinuthia aliruka nje. Mama yake na shangazi zake wawili walikuwa bado wamebanana kwenye kiti cha nyuma, na waya wa amplifaya ya muziki, mnene kama kidole gumba, ulipita chini ya miguu yao kutoka kwa betri.

Akafungua boneti, akaushika waya. Ulikuwa baridi.

Kilichoungua ni fyuzi peke yake, ile aliyoweka asubuhi badala ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara aliyokuwa ameikunja hapo mwaka mzima. Karatasi ingeuacha umeme upite, hadi waya uwake chini ya miguu yao.

Akaegemea gari, akacheka.

"Nini, Kinuthia?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, mami. Ni muziki tu umekufa."

"Na wakwe watatufungulia lango aje bila wimbo wa wageni?"

Mama akashuka, akakaza leso, akaanza kuimba mwenyewe. Shangazi wakadakia.

Komeo likalia. "Eeh!" mwanamke akasema ndani. "Sasa tumejua ni watu wamekuja."