Maji ya Jaruba, Mwezi wa Ramadhani

Kila mwaka, kabla ya kupandikiza mpunga, Semeni huonja maji ya jaruba ajue kama bahari imeingia. Safari hii msimu uliangukia Ramadhani, naye alikuwa amefunga.

"Maji safi hayo, mpaka chini unaona," mumewe alisema. "Tupande tu."

"Chumvi ikishayeyuka utaionea wapi?"

Kungoja magharibi kusingefaa. Miche ilikwisha kung'olewa, inanyauka juani. Semeni akateka maji kidogo, akayachemsha sufuriani mpaka yakakauka.

Utando mweupe ulibaki umegandia chini. Aliukwangua kwa ukucha, akamwonyesha mumewe.

Mumewe aliutazama, kisha akaigeukia miche yao yote.

"Nimefunga mie," alisema, ingawa Semeni hakumwambia aonje.