Ugali wa Kupiga Picha

Jua lilikuwa limemezwa nusu na mwezi, na simu yangu bado ilionyesha doa jeupe tu, hata baada ya kuifunika kwa eksirei ya goti la baba.

"Aloo, chakula kinapoa," alilalamika kaka yangu. Tulikuwa tunakula kutoka sahani moja, hapo ufukweni Kisumu.

"Sili mpaka nipate picha."

Mama wa kibanda aliyetukaangia samaki akacheka, akainua kijiko chake cha matundu kujikinga uso. Kivuli cha kijiko kikaangukia ugali wetu, na ndani yake kila tundu likachora kijua kidogo kilichomegwa upande.

Nikaielekeza simu kwenye ugali. Kaka akanyoosha mkono kumega tonge.

"Mama, usitingishe kijiko! Na wewe, ukimega hapo nakung'ata."