Ndama wa Tatu

Binti yetu Chepyegon alikuwa ameshika miguu ya mbele ya ndama, akivuta kila mara ng'ombe anaposukuma.

"Huyu ni dume," mume wangu akasema, akicheka.

Alikuwa ameahidi kwamba ng'ombe wetu watatu wakizaa majike matupu, Chepyegon ataenda chuo cha ualimu. Msichana akapiga hesabu, nusu ya nusu ya nusu: bahati moja kati ya nane. Ndiyo maana baba yake aliahidi bila wasiwasi. Lakini wawili walishazaa majike.

"Majike watatu mfululizo? Wapi!"

"Baba, ile nane ilikuwa kabla hawajazaa. Huyu hajui wenzake walizaa nini. Kwake ni nusu kwa nusu."

Ndama akateleza, akaangukia nyasi akifuka mvuke. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba ya chai ya Wazungu.

Mume wangu akawahi kupapasa katikati ya miguu ya nyuma. Chuchu nne, ndogo kama machipukizi ya chai. Akapapasa tena, kana kwamba zingepungua.

Nikaziba mdomo, kigelegele kisinitoroke.

Akajifuta mikono kwenye suruali, polepole.

"Mama Chepyegon, lile sanduku la bati bado linafungika?"