Sauti Iliyonuka Zizi

Tangu milango yote ianze kufunguliwa kwa kuandika jina kwa Kisare, funguo zimebaki kuchezewa na watoto. Kisare ni lugha iliyotungwa mezani, isiyo na kwao, na aliyeichorea herufi ni Kabula. Alizichora ishirini, za kupendeza macho. Sauti ya ng' aliiacha nje, maana wakubwa wa jopo lililoitunga lugha hiyo walisema inanuka zizi. Wakubwa wa namna hiyo hawakuanza jana. Wenzao wa zamani waliyakata majina ya babu zetu yapate kuenea kwenye karatasi zao.

Siku mama yake Kabula alipohamia kwa bintiye kutoka Magu, alisimama mlangoni na mfuko wa michembe ya viazi vitamu, kidole hewani mbele ya kibao cha herufi.

“Mbona jina langu silipati humu?”

“Andika Nashi, mama.”

“Nashi ndiye nani? Baba yako alioa mwingine?”

“Ni wewe. Ng'washi haliandikiki. Jopo ndilo lililoamua.”

“Na kalamu alishika nani, Kabula?”

Kabula akampokea mfuko. Mama akaandika Nashi, mlango ukafunguka bila kinyongo.

Akalizoea jina hilo upesi kuliko alivyotazamia bintiye. Jioni moja Kabula alikuwa akisonga ugali, simu ikaita sebuleni. Sauti ya mama yake mdogo ikasikika mpaka jikoni, ikimuulizia dada yake Ng'washi.

“Umekosea namba, ndugu yangu,” mama akajibu kwa upole. “Hapa anakaa Nashi.”

Kabula akasimamisha mwiko, akasubiri mama acheke. Akasikia simu ikiwekwa mezani, kisha televisheni ikiongezwa sauti.