Kiwanja cha Dongobesh

"Rudia," Hatibu alisema. "Kiwanja kiko upande gani wa kisima?"

Konsolata alirudia mara ya tatu. Upande wa machweo, nyuma ya soko la Dongobesh. Mpaka wa juu ni safu ya minyaa aliyoipanda baba yake. Alisema kama mtu anayetaja mali ya watu wengine. Tangu alipomzika mume wake mwezi wa tatu, na mtoto wiki mbili baadaye, hakuna neno lililomfika ndani. Akipewa chakula alikula. Akiambiwa alale, alilala.

Jirani yake wa Bashay, Perpetua, ndiye aliyemwambia aende Mbulu, bomani. Huko, alisema, kuna mzee Mwislamu, Hatibu, ambaye kila Jumatano huketi nje ya korti akiwaandikia maskini mashauri yao, na hachukui hata senti.

"Nani alikiuza?"

"Baba mdogo, Nicodemo. Mimi nilikuwa namuuguza mume wangu. Yeye akawaambia watu kwamba nimekufa."

"Kuna mashahidi kwamba baba yako alikupa wewe?"

"Wazee wawili. Wako hai."

"Na aliyenunua, jina lake nani?"

"Sijui. Nilifika mara moja tu. Nikakuta nyumba ya bati, mama mmoja anaanika mahindi uani. Alinikaribisha maji. Sikunywa, nikarudi."

Kalamu ilikaa hewani mpaka tone la wino likaanguka kwenye karatasi. Hatibu akaichana, akachukua nyingine.

"Jina la mdaiwa niachie mimi," alisema, akaandika hadi mwisho bila kuuliza tena.

Konsolata alibonyeza dole gumba pale alipoonyeshwa. "Mzee, nisingeweza kwenda tu kumwomba? Labda ana huruma."

"Akikupa kwa huruma, kesho Nicodemo atakunyang'anya tena. Ukipewa na korti, imeandikwa. Hakuna wa kukugusa."

Kila Jumatano alishuka kutoka Bashay, na kila Jumatano Hatibu alimfundisha: simama wima, taja mipaka kwanza, usimtukane mtu. Wale wazee wawili aliwafuata mwenyewe kwa miguu, akawaomba waje. Kufika wiki ya nne mzee alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea. Alisema ni baridi ya Mbulu.

"Mama wa nyumbani kwako hakasiriki, unavyotuhangaikia bure?" Konsolata alimuuliza.

"Amekasirika," Hatibu alisema. "Haya, tuanze tena. Mpaka wa juu?"

Siku ya shauri ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Nicodemo hakutokea. Hatibu aliketi kwenye benchi kando ya Konsolata, amevaa kanzu iliyofuliwa, kofia ameiweka magotini. Wale wazee wakasema walichokiona. Kisha Konsolata akasimama wima, akataja mipaka, hakumtukana mtu. Sauti haikutetemeka. Aliisikia ikitoka, akashangaa kidogo kwamba ni yake.

Alipoketi, Hatibu alimwambia polepole, "Umesema vizuri, binti yangu."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Halafu karani akainua ile karatasi yenye dole gumba.

"Mdaiwa asimame, aseme kama ana la kujibu."

Konsolata akageuka kutazama mlangoni, aone ni mtu wa namna gani. Hapakuwa na mtu. Kando yake benchi lililia. Hatibu aliinuka, kofia mkononi, akavuka chumba hadi upande wa pili.

"Ni mimi niliyenunua, Bwana Hakimu," alisema. "Sina la kupinga."