Spoki ya Renatus

Kwenye kisu chake cha kukunja, Renatus aling'oa kizibuo, akapachika kipande cha spoki ya baiskeli alichokinoa kikawa chembamba kama sindano. Kilikuwa cha kuzibulia mirija ya pombe ya mtama. Bugarama nzima walikiazima.

Leo, mtungini kwa jirani, ulioziba ni mrija wa kaka yake. Tangu wagombanie migomba ya baba, kaka hajagusa chochote kilichotoka mkononi mwa Renatus. Alifyonza tu, mashavu yakabonyea.

"Lete, kaka."

Kaka alifyonza tena, bure. Kisha akautoa.

Renatus aliisokota spoki ndani ya mrija, pumba zikatoka. Akainama aonje kwanza, kama ilivyo desturi, kuonyesha hakuna sumu.

Kaka akamshika mkono.

"Acha," akasema, akanywa.