Miguu ya Phuldei

Mheshimiwa alipoinama kuigusa miguu ya Phuldei, wapiga picha walikuwa tayari. Kila uchaguzi alikuja hivyo hivyo, shada la maua ya njano shingoni: ajuza amwekee mkono kichwani, ambariki, naye arudi zake kwenye bunge la jimbo. Mihula mitano sasa.

"Nibariki, mama yangu."

Phuldei aliitazama ile shingo nene. Masika yaliyopita, mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walimvusha mto juu ya kitanda hiki hiki cha kamba alichokalia, maji yakiwafika kifuani, maana daraja lilikuwa bado ahadi. Ng'ambo walifika na maiti mbili.

Akaipandisha miguu kitandani, akaifunika kwa sari. Vidole vya mheshimiwa vikagusa udongo mtupu.

"Mama, tunapigwa picha," alinong'ona.

"Wapige! Mara tano umeishika miguu hii, matope ya mto hukuyaona? Huna hata haya!"

Mheshimiwa akageukia kibarazani, walikoketi vikongwe wengine, miguu ikining'inia.

Mmoja akapandisha yake. Kisha wa pili. Kisha wote.